Shamba Lisilopokea Mtu

Euphrasie, binti wa mzee Balagizi, hakuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Hata alipokuwa akisugua sakafu za wazee wa Kizungu kule Koekelberg, mjini Brussels, alifanya kazi hiyo akiwa amevaa hereni zake, kitambaa cha kichwani kimefungwa sawasawa, kama mgeni aliyekuja kusalimia na akaona heri awasaidie kidogo. Waliosali naye walikuwa wakinong'ona, "Yule mama anatembea kama amebeba shamba mgongoni." Na hawakukosea, kwa sababu shamba alikuwa nalo.

Lilikuwa upande wa Kabare, juu ya Bukavu, kilima kizima kinachoteremka mpaka kwenye kijito. Baba yake alilipata kwa kumtolea mwami, mtawala wa kule, ng'ombe jike mwenye mimba, na malipo hayo kwao huitwa kalinzi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na migomba minene, na humo kati ya migomba ndimo watu wa kwao huzikwa. Mtu wa kule hasumbuki na karatasi akitaka kuonyesha kwamba pahali ni pake. Anaonyesha kaburi. "Bibi yangu analala pale," anasema, na mazungumzo yanakwisha.

Euphrasie alijifunza hilo mapema, akiwa bado msichana wa shule ya masista. Jirani yao mmoja alimhurumia mgeni, akamruhusu azike mtoto mchanga pembeni mwa maharage. Miaka ikapita. Siku moja ndugu za mgeni yule wakaja, wakasimama penye kaburi dogo, wakasema hapa ni kwetu. Wazee wa kilima wakakaa, wakasikiliza, wakawapa nusu ya shamba. Balagizi alirudi kutoka baraza lile na hasira iliyomfanya asukume sahani. "Musikie, batoto," akasema. "Huruma ndio ilimukula yule." Bienaimé, kaka yake Euphrasie, alikuwa amesinzia. Euphrasie alikuwa macho.

Vita vikaja, vikamtoa nyumbani. Mume wake alibaki njiani, na njia ile Euphrasie hakupenda kuisimulia. Yeye na binti yake wa pekee, Graciella, wakafika Brussels na mfuko mmoja wa plastiki. Mtoto alikuwa na ugonjwa wa damu, selimundu, ule wanaouita SS, unaokamata mifupa kama koleo. Kule kwao angekuwa amekufa siku nyingi. Brussels walimpa sindano na kitanda safi kwenye hospitali kubwa ya Woluwe, kila mara maumivu yalipomrudia, na Euphrasie alilala kwenye kiti pembeni yake, halafu asubuhi akapanda metro kwenda kusugua.

Mwaka 2001 mzee Balagizi akaona kwamba nguvu zinamwisha. Akamwita katekista, akawaita wazee wawili wa kilima, na akasema hataacha maneno yake mpaka binti yake ayasikie kwa masikio yake mwenyewe. Simu ya nyumbani Euphrasie hakuwa nayo wakati ule. Kwa hiyo Jumapili baada ya misa akaenda na Graciella mtaa wa Saint-Josse, kwenye duka la simu la Hassan, Mmoroko mmoja aliyewafahamu Wakongo wote wa mtaa ule kwa sauti zao, maana walipiga kelele ndani ya vyumba vyake vya kioo kana kwamba Bukavu ni ng'ambo ya barabara. Hassan akawaachia chumba cha mwisho, chenye kiti.

Kule kilimani simu ya Bienaimé iliwekwa juu ya meza, imefunguliwa sauti ili kila mtu asikie. Kuku walisikika. Kisha mzee akakohoa.

"Euphrasie, uko pale?"

"Niko, papa."

"Na mutoto?"

Graciella akachukua mkono wa simu. "Babu, ni mimi."

"Ah! Wewe mutoto ulikuwa unajificha mu migomba, unatuchosha kukutafuta. Utakuja lini kukula bindizi?"

"Nikipona, babu."

"Bon. Ndizi zinangoja."

Halafu mzee akaanza, polepole, kwa sauti ya mtu anayepanga mawe ya msingi. "Shamba hii ni ya Bienaimé na ya Euphrasie. Bote babili. Haitauzishwa. Haitagawanywa. Haitatiwa rehani. Kama kuna neno la kugeuza, watageuza bote babili kwa kinywa chao. Mumoja akikosekana, maneno inabaki vile niliacha."

Wazee wa kilima wakaguna, maana kwao binti hapewi sauti juu ya udongo. Euphrasie alisikia mguno ule katika simu na moyo wake ukapanda juu kabisa. Na hapo, kwa sababu moyo ulikuwa juu, akaongeza la kwake.

Ni hivi: tangu kabla ya vita Bienaimé alikuwa ameoa mke anayeitwa Rolande, ambaye watu wake walikimbia vita huko ndani, wakapokewa kwenye sehemu ya chini ya shamba hilo, karibu na kijito. Mama yake Rolande alikuwa mgonjwa, amevimba miguu. Kila mtu alijua atazikwa muda si mrefu, na Euphrasie alijua ni wapi.

"Papa," akasema, "na makaburi?"

"Makaburi gani?" akauliza Bienaimé.

"Papa ananielewa. Akumbuke yule jirani wa maharage."

Mzee alielewa. Wakamsikia akivuta pumzi. "Kweli. Andika, katekista. Baada ya mimi na mama yenu, mutu hataingia mu udongo hii. Mupande ndizi."

"Hata sisi batoto, papa?" Bienaimé akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa bila kujua kosa. "Hata damu yako?"

Mzee akasita. Euphrasie akaona kwamba akisita tu, basi watoto wa Rolande ni damu, na watoto wakiingia, bibi yao ataingia nyuma yao. Akasogeza mdomo kwenye simu. "Papa, sema hata mutu mumoja. Ukisema nusu, watakula nusu."

"Hata mutu mumoja," akasema Balagizi.

Katekista akaandika, mzee akatia kidole gumba. Euphrasie akatoka kwenye kioo akiwa ametokwa na jasho, anang'aa. Graciella akamwangalia. "Maman, babu hata hakuniuliza niko darasa gani. Makaburi tu!"

"Nyamaza wewe. Leo nimekulindia shamba."

Balagizi akafa kabla ya mvua kuanza, akawekwa kati ya migomba pembeni ya mkewe, aliyetangulia siku nyingi. Mwaka uliofuata mama yake Rolande naye akafa. Rolande akampigia wifi yake simu, analia hata maneno hayatoki.

"Mama Euphrasie, nakuomba. Fasi kidogo tu, kule chini, kwa mayi ya kijito. Kaka yako amekubali. Inabakia kinywa chako."

"Rolande, pole sana kwa mama. Lakini maneno ya papa si ugali, kwamba ukiona upande moja umeungua unageuza ya pili."

"Tumubebe fasi gani na mvua hii?"

"Mji uko na makaburi yake."

Wakambeba kwenye tipoyi, machela ya miti, wakapita naye katikati ya shamba lenyewe, juu ya njia, matope mpaka magotini, wakateremka mpaka makaburi ya mji. Euphrasie alisimuliwa yote hayo. Alisema ni huzuni, na sheria ni sheria. Kanisani aliwaeleza wenzake jinsi mwanamke aliye mbali anavyoweza kulinda mali ya baba yake kuliko wanaume walio pale pale, na wenzake wakasema ndiyo, ndiyo, mama ana akili.

Mwaka 2004, mwezi wa Novemba, maumivu yakamrudia Graciella, na safari hii yakaingia kifuani. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kazi ya uuguzi. Madaktari wa Woluwe walifanya walichoweza. Hakuna aliyewalaumu, hata mama yake. Jioni moja, mvua inapiga dirisha, mtoto akaondoa kile kifuniko cha hewa mdomoni.

"Maman. Mimi nikienda..."

"Usiseme vile."

"Sikiliza basi. Usiniache hapa. Udongo wa hapa uko baridi. Unipeleke kwa babu, mu migomba. Pale nilikuwa najificha."

Euphrasie akamshika mkono. "Nitakupeleka," akasema. Alisema vile kwa sababu mama gani angesema vingine? Lakini maneno yakiwa bado mdomoni, akasikia sauti nyingine ndani ya kichwa chake, ya mzee, yenye kikohozi: hata mutu mumoja.

Graciella akafa siku iliyofuata mchana, wakati wa kugawa chakula, vijiko vinagonga sahani kwenye korido.

Watu wa kanisa wakajaa nyumba ya Euphrasie kule Koekelberg. Thérèse, rafiki yake wa kwaya, akashika mambo ya sanduku na ndege. Euphrasie akapiga simu Bukavu. Bienaimé aliposikia, akalia kama mtoto mdogo.

"Dada, mulete. Mulete leo. Kinywa changu ninakupa. Maneno ya papa tunaigeuza, mimi na wewe, bote babili. Nani atatuhukumu?"

Euphrasie akafunga macho. Akamshukuru Mungu. Na hapo akasikia sauti ya Rolande karibu na simu: "Nipe na mimi niseme."

"Mama Euphrasie," akasema Rolande. Safari hii hakulia. "Pole. Graciella alikuwa mutoto wangu pia, nilimubeba mugongoni. Mimi sikatai. Mulete. Lakini ile siku tutachimba ya Graciella, tutachimba na ya mama yangu. Tunamufukua kule mu mji, tunamuleta kwa mayi. Bote babili, siku moja."

"Rolande, mutoto wangu ni damu ya shamba."

"Ni wewe ulisema damu haiingie. Sisi bote tulisikia, haut-parleur ya simu ilikuwa wazi."

"Ukizika mama yako kule chini, ndugu zako watasema ni kwao."

"Watasema. Donc, halafu? Wanalima pale tangu vita. Wewe unalima wapi?"

Hilo likamchoma kuliko yote. Euphrasie akakata simu.

Thérèse alikuwa ameketi pembeni, amesikia. "Ma chérie, kubali," akasema. "Ni kipande cha kijito. Mutoto iko mu friji."

"Thérèse, unajua papa alitoa nini juu ya kilima kile?"

"Ng'ombe. Umetuambia. Ng'ombe alikufa zamani, mama."

Lakini Euphrasie aliwaza hivi: akifungua kwa mmoja, amefungua. Ndugu za Rolande watachukua chini, watoto wao watapanda juu, na siku moja watu watasimama kwenye kaburi la Balagizi mwenyewe na kuuliza ni la nani. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulisema. Alitaka Rolande aseme njoo, bila kuweka sharti juu yake. Angesema vile, labda Euphrasie angemwambia mwenyewe, Rolande, na mama yako pia mlete. Lakini kulazimishwa, na Rolande, ambaye watu wake walipokewa na sufuria moja!

Akapiga tena simu kwa kaka yake. "Bienaimé. Papa alisema hata mutu mumoja."

"Dada, usifanye vile."

"Ni vile alisema."

"Nisikilize vizuri," akasema Bienaimé, sauti imekauka. "Leo anayekataa ni wewe. Si Rolande, si mimi. Wewe. Nataka ukumbuke."

"Nitakumbuka," akasema Euphrasie. Alikuwa na kumbukumbu nzuri, alijivunia hilo.

Ofisini kwa makaburi ya Brussels walimpokea vizuri. Mwanamke mmoja mwenye miwani akamuuliza kaburi alitaka la miaka mingapi.

"La milele," akasema Euphrasie.

"Milele hakuna tena, madame. Ilifutwa zamani. Kuna kumi na mitano, kuna thelathini, kuna hamsini."

Euphrasie akadhani anataniwa. Kumbe kweli, katika nchi hii hata maiti ni mpangaji. Akachukua kumi na mitano. Si kwamba hakuweza kutafuta njia ya kupata zaidi. Watu wa kanisa walikuwa tayari kumsaidia. Alijiambia kwamba kabla ya miaka hiyo kwisha Rolande atalegea, na yeye atamfukua mtoto wake na kumpeleka kama alivyoahidi. Wakamzika Graciella kwenye mvua nyembamba, ile ya Brussels isiyonyesha wala kukatika, katika udongo mweusi uliokwisha kubeba wengine.

Miaka ikaenda. Euphrasie alizeeka akisugua. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda makaburini na kitambaa, akafuta jiwe, akamwambia mtoto habari za wiki. Kaka yake alimpigia kwenye sikukuu, maneno machache: shamba lipo, ndizi zipo, hakuna aliyeuza. Wanunuzi walikuja, wale wenye magari makubwa, maana mji wa Bukavu ulikuwa unapanda kilima na kukikaribia. Bienaimé aliwafukuza wote. Wala ndugu za Rolande hawakupata hata mtaro. Mwishowe walichoka, wakahamia Uvira.

Mwaka 2016 Bienaimé akafa kwa sukari. Rolande ndiye aliyepiga simu.

"Mumemweka wapi?" akauliza Euphrasie.

"Mu makaburi mupya, kule barabara ya kiwanja cha ndege. Nilimuuliza, nimupigie dada yako simu, aseme? Akasema apana. Akasema, 'Iwe vile dada alisema.' Ilikuwa neno yake ya mwisho."

Mwana wa kwanza wa Balagizi, aliyezaliwa kwenye kilima kile, amelala kando ya barabara na watu asiowajua.

Kisha ikafika 2019. Jumapili moja ya vuli akakuta karatasi ya manjano imebandikwa kwenye jiwe la Graciella. Haikuwa na matusi. Ilisema tu kwamba muda unakwisha, na kwamba familia, kama ipo, ifike ofisini. Akasimama mbele yake na kitambaa mkononi. Magoti yalikuwa yanauma. Alijihesabia wale ambao wangekuja ofisini baada ya yeye kufa, na hesabu ikakwisha kabla ya kuanza.

Nyumbani akakaa, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, kana kwamba Rolande angemwona. Kisha akampigia.

"Rolande. Ni mimi Euphrasie."

"Najua. Simu inaandika jina."

"Nimekuja kwako na neno. Lile la siku ile. Mulete mama yako. Umuzike kwa mayi, fasi utapenda. Mimi nilete Graciella. Bote babili, siku moja, vile ulisema."

"Mama Euphrasie," akasema Rolande, na hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nitaleta nini? Makaburi ya mji yalijaa, batu bakajenga nyumba juu. Nilienda kutafuta. Pale mama alilala kuna nyumba ya mabati, na choo nyuma. Kuna mwanamke anauzisha makala ya kupikia mulangoni. Nilikuwa nazunguka, nazunguka, ndio ananiuliza, 'Mama, unatafuta parcelle, kiwanja cha kununua?'"

"Ee Mungu."

"Donc sina kitu cha kuleta."

"Basi," akasema Euphrasie, na sauti yake yeye mwenyewe hakuitambua, "unikubalie nilete wangu. Peke yake. Nakuomba, Rolande."

Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa kilima kile.

"Mimi nikukubalie? Mimi ni nani? Mimi si damu. Papa alisema watageuza bote babili, kwa kinywa chao. Kinywa ya Bienaimé iko mu udongo. Ilikuwa wazi ile miaka yote, ilikungojea. Sasa nani atafungua? Wazee wananiuliza kila siku kama ninachunga maneno ya muzee. Nawajibu ninachunga. Hata watoto wangu nimewaambia, siku nikifa musinitie humu."

"Rolande..."

"Sikukasirikii wewe tena. Nilikasirika, ikaisha. Lakini neno ni yako. Mimi nalichunga tu, na kufagia shamba."

Siku ya pili Euphrasie akaenda ofisini kwa makaburi. Hakuwa tena yule mwanamke wa miwani, alikuwa kijana mwenye ndevu, mpole. Akaongeza miaka kwenye kaburi la mtoto wake. Kijana akauliza jina la mtu wa kuandikiwa baada ya madame, wakati muda huo nao utakapokwisha.

"Andika mimi," akasema Euphrasie.

"Madame, itakuwa baada ya..."

"Nimesikia. Andika mimi."

Kijana akamtazama, akaandika.

Alipofika nyumbani, simu ikalia. Rolande alikuwa amemtumia picha ya shamba, labda kwa kumtuliza, labda ili aone kwamba maneno yamechungwa. Euphrasie akasogea dirishani, akaikuza kwa vidole viwili. Lilikuwa zuri kuliko alivyolikumbuka. Migomba imesimama kwa mistari, mikungu imeinamisha vichwa, majani makavu yameondolewa, chini pamefagiliwa kama ukumbi. Hakuna aliyeuza. Hakuna aliyegawa. Kijito kiliwaka jua kule chini, peke yake.

Akatafuta makaburi mawili, la baba na la mama. Akayapata. Kati ya makaburi hayo na nyumba kulikuwa na uwazi, pale Graciella alipokuwa akijificha, upana wa mtu mmoja kulala. Miaka yote hiyo Euphrasie alikuwa amelala na uwazi huo machoni. Sasa ulikuwa na mgomba mchanga, majani mawili tu, shina limezungushiwa samadi.

Akautazama mpaka simu ikajizima yenyewe. Akaiwasha tena. Akabonyeza pale pa kusemea, akaileta mdomoni.

"Rolande," akasema. "Umepanda vizuri."

Akaituma sauti hiyo, akaiweka simu juu ya meza, kioo kikitazama chini, akaenda kuvua hereni.